Simu, 28, 35, 50 au shifti: ubebe kipi unapotembea kupiga picha za majengo na mitaa?

Anayetaka kuanza kutembea mjini akipiga picha za majengo na mitaa huuliza kwanza ni kamera ipi inayotoa picha kali zaidi. Kwa maoni yangu swali hilo ni la kuulizwa mwisho. Mchana, hata simu ya megapikseli 12 hutoa picha inayochapika vizuri kwenye karatasi ya A4. Vifaa hivi hutofautiana hasa katika mahali vinapokulazimisha usimame. Jengo halisogei. Likikuzidi ukubwa inabidi urudi nyuma, na nyuma yako kuna ukuta wa jengo jingine, au barabara yenye magari. Kwa hiyo anza na upana wa mitaa unayoipenda, ndipo uje kwenye kamera.

Nalinganisha hapa chaguo tano ambazo mtembezi huzifikiria: simu, kamera ndogo yenye lenzi moja isiyobadilika (ya 28 au ya 35), kamera yenye lenzi ya 50, lenzi ya zumu, na lenzi ya shifti iliyoundwa kwa ajili ya majengo. Namba hizo ni milimita za lenzi (ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi) kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi, bapa linalopokea mwanga, cha milimita 24 kwa 36, ukubwa uliorithiwa kutoka filamu. Kama kamera yako ina kihisi kidogo zaidi cha APS-C, zidisha namba ya lenzi yako kwa 1.5 (kwa Canon, 1.6), kama ni kile kidogo zaidi ya hapo, Micro Four Thirds, zidisha kwa 2. Ndiyo maana lenzi ya 23 kwenye APS-C huitwa "35", na ya 18 huitwa "28".

Jedwali hili nimelipiga hesabu kwa jengo la mita 12, karibu ghorofa nne. Safu ya pili ni umbali unaohitaji ili jengo lote liingie ukiwa umeisimamisha kamera wima na kuishika sawa, bila kuiinua, kwenye usawa wa jicho (mita 1.6). Safu ya tatu ni upana unaoingia kwenye picha ya mlalo ukiwa mita 10 kutoka ukutani. Ya mwisho ni pale vitu vinapoanza kuwa vikali ukiwa umebana tundu la lenzi hadi f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na kuipanga fokasi kwa namna ambayo ukali unafika mbali kabisa.

| Lenzi | Kurudi nyuma kwa jengo la mita 12 | Upana kwa umbali wa mita 10 | Ukali huanzia, kwa f/8 |
|---|---|---|---|
| 24 | mita 14 | mita 15 | mita 1.2 |
| 28 | mita 16 | mita 13 | mita 1.7 |
| 35 | mita 20 | mita 10 | mita 2.6 |
| 50 | mita 29 | mita 7 | mita 5.2 |

Itazame safu ya pili taratibu. Mtaa wa kale wenye upana wa mita sita au saba haukupi nafasi hiyo kwa lenzi yoyote kati ya hizi. Hata barabara pana yenye njia mbili za magari na vijia vya miguu pande zote huishia kwenye mita ishirini hivi. Ukiwa na 50, jengo zima la ghorofa nne utalipata ukiwa kwenye uwanja, ng'ambo ya mto, au mwisho wa mtaa mwingine unaolielekea. Hilo halina uhusiano wowote na ubora wa lenzi.

Ukiinua kamera

Wengi hujibu tatizo la nafasi kwa kuinua kamera ili kulifikia paa. Hapo kuta hulala nyuma, na mistari iliyokuwa wima hukaribiana kileleni. Lenzi haina kosa. Bapa la kihisi limeacha kuwa sambamba na bapa la ukuta, basi sehemu ya juu ya ukuta, iliyo mbali zaidi, inachorwa ndogo. Lenzi ya bei kubwa itafanya vivyo hivyo.

Kuinua kidogo ndiko kunakoharibu picha. Mistari ikiinama kiasi cha kuonekana, lakini si kiasi cha kueleza jambo, mtazamaji hubaki na hisia kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Ukiamua kuinua, inua kwelikweli: simama karibu na ukuta, elekeza kamera juu, uache mistari ikimbie. Hiyo ni picha nyingine, yenye haki yake.

Kama unataka jengo lisimame, kuna njia nne, na kila kifaa kwenye orodha hii kina njia inayokifaa. Ya kwanza ni kunyoosha picha baadaye kwenye programu. Simu nyingi zina kitelezi cha kazi hiyo ndani ya programu yao ya picha. Gharama yake ni kwamba sehemu ya juu hutanuliwa, ukali wake unapungua, na pembe za chini hukatwa. Kwa hiyo acha nafasi pembeni unapopiga, la sivyo utapoteza kona ya jengo.

Njia ya pili naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kifaa kipya. Simamisha kamera wima, ishike sawa kabisa, piga, kisha kata barabara iliyojaa nusu ya chini ya picha. Picha ya megapikseli 24 ikikatwa theluthi ya chini hubaki na 16, na kuta zake zimesimama bila kutanuliwa popote. Lenzi ya 24 au 28 ndiyo inayofaa hapa. Washa gridi na kipimo cha usawa kwenye kioo cha kamera. Jicho peke yake hudanganyika, hasa kwenye mtaa wenye mteremko.

Ya tatu ni kupanda. Ukisimama kwenye ngazi, daraja la waenda kwa miguu au ghorofa ya pili ya jengo linalotazamana na lile unalolitaka, nusu ya urefu wake inakuwa chini yako na nusu juu yako, na kamera haihitaji kuinuliwa. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wapiga picha wa Ujerumani walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959 wakipiga picha za minara ya maji, tanuri za chuma na majengo mengine ya viwanda, walitafuta sana mahali pa juu pa kusimama, na walipendelea siku za mawingu ili kivuli kisikate umbo. Majengo yao yamesimama wima kwenye picha kama kwenye mchoro wa mhandisi. Ya nne ni shifti, nitakayoifikia.

Simu

Watu huihesabu simu kuwa kifaa cha mwanzo, cha kuachwa baadaye. Mimi naihesabu kuwa kamera ya lenzi pana. Kamera kuu ya simu nyingi huona kama lenzi ya 24 hadi 26, yaani iko karibu na mstari wa kwanza wa jedwali, wa 24. Katika kichochoro, simu inakupa nafasi kuliko kamera yenye lenzi ya 35 iliyogharimu pesa nyingi zaidi. Na mtu akikuona na simu hashtuki. Kamera kubwa humfanya mlinzi wa mlangoni atoke kuja kuuliza.

Lenzi ya pili ya simu, ile pana kupita kiasi, nakushauri uitumie kwa uchache. Huvuta pembe za picha: dirisha la kona huwa refu kama mlango, na mtu aliyesimama ukingoni hunenepa. Ukitaka kwenda upande wa pili, simu nyingi za karibuni zenye kihisi cha megapikseli 48 zinaweza kukata katikati yake na kukupa picha ya megapikseli 12 yenye mtazamo wa karibu na 50. Hiyo ni salama mchana. Kupanua picha kwa vidole zaidi ya hapo ni kuikata tu.

Kasoro ya simu inayoniuma haihusu ukali. Ni jinsi inavyoshughulikia mwanga. Jua la asubuhi linapoukwangua ukuta kutoka upande, kila mchongo, kila ufa wa plasta na kila ukingo wa tofali hupata kivuli chake, na ndicho kinachoupa ukuta umbo. Simu hupiga fremu kadhaa kwa mfululizo, ikaziunganisha, ikainua vivuli na kushusha anga. Baraza lililokuwa na giza zito huwa kijivu, na ukuta uliokuwa na mabonde huwa bapa. Kama simu yako inaruhusu kupiga picha ghafi (RAW), ambayo simu haijaipika, itumie njia hiyo kwa siku za jua la upande. Kama hairuhusu, gusa sehemu angavu ya ukuta na uteremshe mwanga mwenyewe kabla ya kubonyeza. Pia kioo cha simu hakisomeki vizuri juani, kwa hiyo mstari ulioinama utauona ukifika nyumbani.

28 au 35

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu watembezi wengi wenye uzoefu huishia kwenye moja ya hizi mbili. Tofauti ya milimita saba inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mtaani ni tofauti ya tabia.

Lenzi ya 35 ina jambo moja linalorahisisha kila kitu: kwenye picha ya mlalo, upana unaouona ni karibu sawa na umbali uliopo. Simama mita nane kutoka ukutani, utapata ukuta wa mita nane. Ukilijua hilo, unaanza kukadiria picha kabla ya kuinua kamera. Unaona duka lenye milango mitatu na unajua kwa hatua ngapi litajaa fremu. Ya 28 inakupa umbali huo pamoja na karibu theluthi yake. Ya 50 inakupa chini kidogo ya robo tatu.

Kwa watu na majengo pamoja, 35 ina msamaha. Mtu aliyesimama mita tatu au nne kutoka kwako anaonekana mzima, na jengo nyuma yake linabaki na ukubwa unaolistahili. Kwa 28, ukiwa mahali hapo hapo, mtu anakuwa mdogo na mtaa unatawala. Ili mtu apate uzito unapaswa kusogea, na ukisogea jengo linarudi nyuma. Hilo la kurudi nyuma linatokana na miguu yako, kwani uwiano wa vitu vya karibu na vya mbali huamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi huchagua tu ni kiasi gani cha mtazamo huo kiingie. Mpiga picha wa mitaani Garry Winogrand alitembea New York na lenzi ya 28 na aliingia karibu sana na watu, mara nyingi kwa fremu zilizoinama. Picha zake zimejaa mpaka ukingoni. Anayepiga kwa 28 akiwa mbali hupata kinyume chake: barabara tupu sehemu ya chini, anga tupu juu, na jambo lenyewe mstari mwembamba katikati.

Hiyo ndiyo hatari kubwa ya 28 kwenye majengo. Kamera ikishikwa sawa, nusu ya fremu iko chini ya usawa wa jicho lako, na kwenye lenzi pana nusu hiyo ni lami. Dawa ni kutafuta kitu cha mbele chenye sababu ya kuwepo, kama dimbwi la maji ya mvua, mstari wa mawe ya kijia au kivuli cha jengo la nyuma yako. Usipokipata, simamisha kamera wima na ukate kama nilivyoeleza.

Ila kwenye mitaa myembamba 28 haina mpinzani katika vifaa vya kubeba mfukoni. Kamera ndogo ya Ricoh GR III, yenye mtazamo wa 28, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri, na kihisi chake cha APS-C ni kikubwa mara nyingi kuliko cha simu. Inaweza kukata picha yake ya megapikseli 24 hadi mtazamo wa 35, ikabaki na 15, au wa 50, ikabaki na 7. Haina kitundu cha kutazamia, na betri yake imekadiriwa picha 200 hivi, kwa hiyo betri ya ziada si anasa. Haijazibwa dhidi ya vumbi wala mvua, na hilo ni la kufikiriwa na kila anayetembea kwenye mitaa ya vumbi. GR IIIx, pacha wake wa mwaka 2021, ina mtazamo wa 40. Nadhani kwa majengo ni chaguo la pili, ingawa kwa watu ni nzuri sana.

Upande wa 35 kuna kamera za Fujifilm za mfululizo wa X100, zilizoanza kuuzwa 2011, zenye lenzi ya 23 ya f/2 isiyobadilika. X100V ina uzito wa gramu 478, karibu mara mbili ya Ricoh. Inaning'inia shingoni, haikai mfukoni. Badala yake unapata kitundu cha kutazamia. Unapoweka jicho hapo, kioo cha nje kinaacha kukusumbua, mikono inatulia dhidi ya uso, na mistari ya wima inaonekana vizuri hata juani. Kwa mpiga picha za majengo hilo si jambo dogo. Kamera zote hizi mbili zina shata (kifuniko kinachofunguka kuruhusu mwanga) iliyo ndani ya lenzi, ambayo haisikiki hata kwenye ua ulio kimya.

Uamuzi wangu: kama zaidi ya nusu ya matembezi yako ni kwenye vichochoro na mitaa ya kale, chukua 28. Kama mji wako una barabara pana, na unapenda watu wawemo kwenye picha za majengo, chukua 35. Kama huna uhakika, chukua 35, kwa sababu makosa yake ni madogo. 28 inamtaka mtu aliyekwisha kujua kusogea.

Lenzi ya 50

Kamera ya kwanza ya Leica iliyouzwa kwa umma mwaka 1925 ilikuwa na lenzi ya 50, na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa urefu huo. Kwa hiyo wengine huiona kama lenzi ya mtaani kwa urithi. Kwa jengo zima, jedwali limekwisha kusema. Lakini matembezi ya majengo si majengo mazima tu. Bawaba, nakshi ya juu ya mlango, herufi za rangi zilizofifia juu ya duka lililofungwa, roshani moja kati ya ishirini: vyote hivyo 50 huvitoa bila kukulazimisha kuegemea ukuta au kuinua kamera sana, kwa sababu unasimama mbali zaidi na pembe ya kuinua inapungua.

Ina zawadi nyingine. Ukisimama mwisho wa mtaa mrefu ulionyooka, au juu ya kilima, 50 huchukua kipande cha kati ambapo paa zimerundikana, mnara mmoja nyuma ya mwingine. Kwa 28 kipande hicho hupotea ndani ya anga na barabara. Angalia tu safu ya mwisho ya jedwali: fokasi ya 50 haina huruma, na kitu cha mita tatu kitakuwa laini kama umeipanga kwa ajili ya mbali.

Zumu

Lenzi ya 24–70, inayobadilika kutoka 24 hadi 70 kwa kuzungusha pete, huonekana kama jibu la yote yaliyotangulia, na kwa mtu anayepiga picha ng'ambo ya mto au nyuma ya uzio, pasipo na nafasi ya kusogea, kweli ni jibu. Kwa matembezi ya saa nne, uzito hubadilisha hesabu. Zumu ya fremu kamili yenye f/2.8 huwa na uzito wa gramu 700 hadi kilo moja, bila kamera. Lenzi ya 35 ya f/2 au f/1.8 huwa chini ya gramu 400. Tazama pia upande wake mpana. Zumu nyingi kwenye 24 hupindisha mistari iliyonyooka karibu na ukingo, na ukuta wa jengo ndicho kitu kinachoufichua upindaji huo haraka kuliko vyote. Programu husahihisha, lakini ukipiga ukiwa umebana jengo hadi ukingoni, usahihishaji unaweza kula kona.

Kinachonifanya nisiipendekeze kwa anayeanza ni tabia inayofundisha. Mkono huzungusha pete kabla miguu haijafikiri. Taa ya mtaani iliyokuwa inakata dirisha inaendelea kulikata, kubwa au ndogo, kumbe hatua mbili kushoto zingeitoa.

Hata hivyo, kama tayari unayo zumu iliyokuja na kamera, usinunue kitu kingine kwanza. Tembea nayo miezi kadhaa, kisha fungua picha ulizozipenda na usome namba ya milimita iliyoandikwa ndani ya kila faili. Programu nyingi za kupanga picha huweza kuzichambua kwa namba hiyo. Wengi watakuta picha zao zimekusanyika sehemu moja au mbili, na hapo umeipata lenzi yako bila kumuuliza mtu. Zikirundikana kwenye mwisho mpana kabisa wa zumu, hiyo ni ishara kwamba nafasi inakubana na 28 au 24 inakusubiri.

Shifti

Tatizo la kuinua kamera lilitatuliwa zamani, na kamera ya mbao. Eugène Atget, mpiga picha Mfaransa aliyeipiga picha Paris kwa miaka takriban thelathini hadi alipofariki 1927, alibeba kamera ya vioo vya sentimita 18 kwa 24, vilivyotumika badala ya filamu, pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. Badala ya kuinamisha kamera nzima nyuma, aliipandisha lenzi peke yake, na kioo kikabaki sambamba na ukuta. Katika baadhi ya picha zake pembe za juu zimekuwa nyeusi: lenzi ilipandishwa kupita mwisho wa duara la mwanga wake. Alizikubali pembe hizo ili ukuta usimame.

Lenzi ya shifti ya leo hufanya kazi hiyo hiyo kwenye kamera ya kawaida. Huchora duara kubwa kuliko kihisi, na kwa kuzungusha kifundo unaitelezesha juu kwa milimita 11 au 12. Rudi kwenye jengo letu la mita 12: kwa 24 ya kawaida ulihitaji mita 14, kwa 24 ya shifti iliyopandishwa milimita 12, mita nane na kidogo zinatosha, na hukati chochote baadaye. Hakuna kifaa kingine hapa kinachokupa jengo zima, lililosimama, kwa ukali kamili, kutoka ng'ambo ya mtaa wa kawaida.

Lakini itazame inavyotembea. Lenzi ya shifti ya Canon, TS-E 24 ya toleo la pili, ina gramu 780, haina fokasi ya kujiendesha yenyewe, na inakutaka upime usawa kila unaposimama, aghalabu juu ya stendi ya miguu mitatu. Mtu akipita na mwavuli mwekundu mbele ya ukuta wa njano, amepita. Naipendekeza kwa aliyetoka nyumbani kwa ajili ya jengo fulani na anajua saa ambayo jua hulifikia. Kwa anayetanga mtaani akisubiri kitakachotokea, ni mzigo, na njia ya kukata barabara inamtosha. Bei yake pia ni ya mtu anayelipwa kwa picha hizo.

Jua likizama

Kuna kipindi baada ya machweo ambapo anga la buluu na taa za madirishani huwa na nguvu zinazokaribiana. Majengo hupendeza zaidi hapo, na karibu na ikweta, ambako jua huzama karibu wima, kipindi hicho ni kifupi sana. Tofauti za vifaa hukua. Lenzi ya f/2 hupitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/4: penye 1/60 ya sekunde kwa 35 ya f/2, zumu ya f/4 inataka 1/15, na mtu anayetembea huwa ukungu. Kitulizo cha mtikisiko husaidia ukuta. Hakimsaidii mtu huyo. Simu huunganisha fremu na kutoa ukuta safi, lakini wapita njia hubaki vipande. Kama unapiga kwa shata ya elektroniki isiyo na sauti, jaribu picha moja chini ya taa za LED kwanza, kwa maana nyingine huacha mistari myeusi inayokata fremu nzima.

Ukibeba viwili

Watu wengi hupanga jozi vibaya: 28 pamoja na 35, au 35 pamoja na 50, lenzi mbili zinazofanya karibu kazi moja. Jozi ninayoiamini ni simu uliyo nayo tayari kwa upande mpana, na kamera yenye lenzi ya 50 nyepesi ya f/1.8 kwa mengine yote. Simu inachukua jengo zima kutoka kichochoroni, 50 inachukua mlango wake, na bado mkoba ni mwepesi. Ukishakuwa na kamera ya 28, ruka hadi 50 na uiache 35 dukani. Na mwenye X100 asihangaike na lenzi ya pili mpaka safu ya pili ya jedwali imzuie mara kwa mara mahali pale pale. Hapo atafute ngazi za jengo la ng'ambo kabla ya kutafuta duka la kamera.